Uzi maalumu: Zawadi ya chakula kwa mtoto wa mbwa anayefundishwa, ipi umpe, kiasi gani na wakati gani

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Wakuu habari za muda huu.

Kuna swali linajirudia sana kwa watu waliochukua mtoto wa mbwa kwa mara ya kwanza. Mtu ana mbwa wa wiki nane au tisa, anataka ajue kukaa, kuja akiitwa, kujisaidia nje, anauliza nimpe nini akifanya vizuri, anajibiwa mpe chochote anachokipenda basi. Jibu hilo nusu yake ni kweli kabisa na nusu nyingine inaweza kuua mbwa, kwa hiyo nimeona niliandike kwa urefu, mwenye swali aulize hapo chini nitajibu.

Kabla ya kutaja nyama wala biskuti tukubaliane jambo moja. Anayeamua hii ni zawadi au siyo zawadi ni mbwa, siyo wewe na siyo aliyeandika maneno kwenye pakiti. Edward Thorndike, yule aliyekuwa anafungia paka kwenye visanduku na kuangalia wanavyojifunza kutoka, aliandika kazi yake mwaka 1898 na ndiye aliyetuachia hii kanuni kwamba tendo likifuatiwa na kitu kizuri mnyama atalirudia, baadaye B.F. Skinner akaiendeleza mbele zaidi. Sasa angalia maana yake ukiwa na mbwa wako. Kama unampa kitu kila akikaa, na siku zinapita lakini hakai haraka zaidi wala mara nyingi zaidi, basi hicho unachompa siyo zawadi kwake, hata kama umekinunua kwa hela nyingi na hata kama anakimeza. Kumeza siyo kipimo. Kipimo ni tendo linaongezeka au haliongezeki.

Halafu thamani ya zawadi haikai mahali pamoja. Punje ya chakula chake kikavu cha kila siku, ukiwa nayo sebuleni, kimya, tumbo halijajaa, ataifanyia kazi kwa moyo wote. Toka naye nje kuna watoto wanakimbia, kuna mbwa mwingine, kuna harufu ya paka aliyepita usiku, mpe punje ile ile hata hataiona. Hapo watu wanasema mbwa wangu mkaidi, wengine wanampiga kabisa. Hajawa mkaidi jamani, kazi imekuwa ngumu na mshahara umebaki ule ule.

Kwa hiyo mimi nagawa zawadi kwa madaraja. Chini kabisa ni hicho chakula chake kikavu, kinatosha mazoezi ya ndani na mambo ambayo tayari anayajua. Katikati naweka yai la kuchemsha, karoti iliyochemshwa kwa mbwa anayeipenda (wengine hawaitaki kabisa), tofaa lililotolewa mbegu na moyo wake wa katikati, au zile zawadi laini za mafunzo zinazouzwa tayari. Juu kabisa ni kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, bila kitunguu, bila kiungo chochote na bila ngozi, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, samaki aliyeiva asiye na mwiba hata mmoja, ini, chizi kidogo. Hili daraja la juu halitoki ovyo, linatunzwa kwa kazi ngumu kama kuja akiitwa nje, kukatwa kucha, kusimama kwenye mizani ya daktari wa mifugo, kumpita mbwa mwingine bila kubweka. Ukimwaga ini sebuleni kwa kila anachofanya, siku ukiihitaji nguvu ya ini barabarani utakuta imeshaisha.

Madaraja haya ni yangu lakini, wako anaweza kuyapindua. Kuna mbwa anaacha kuku anakimbilia karoti. Ndiyo maana lazima umpime. Weka kitu kimoja kwenye ngumi ya kulia na kingine kwenye ngumi ya kushoto, mpe anuse zote mbili, halafu tulia uone anang'ang'ania ngumi ipi. Badilisha mikono urudie, maana kuna watoto wa mbwa wanaopenda tu upande mmoja. Rudia siku nyingine akiwa na njaa tofauti. Kazi ya dakika chache, na utakuwa na orodha yako iliyotoka kwa mbwa mwenyewe.

Sasa umbo la kipande, hapa wengi wanapoteza. Kiwe kidogo, ukubwa wa njegere, na kwa mbwa wa mbegu ndogo nusu ya hapo. Kinachomfundisha ni mara ngapi amepata, siyo ukubwa wa alichopata, kwa hiyo kipande kimoja kikubwa ukikikata mara nane umepata masomo manane. Kiwe laini, ameze hapo hapo macho yarudi kwako. Biskuti ngumu ataitafuna, makombo yataanguka, ataanza kupekua sakafu na wewe umesimama na somo lako limekatika. Halafu kuna suala la meno, mtoto wa mbwa ana meno ya utoto 28 na yanaanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, mpaka kwenye miezi sita au saba hivi ndiyo anakamilisha 42 ya ukubwani. Kipindi hicho fizi zinauma, zawadi ngumu anaweza kuikataa ukadhani hataki kujifunza.

Na harufu. Ulimi wa mbwa una vionja ladha kama 1,700 hivi, wa binadamu ni kama 9,000, hivyo kazi kubwa ya kuchagua inafanywa na pua. Nyama iliyotoka kwenye friji sasa hivi haitoi harufu yake yote, itoe mapema kidogo ubaridi upungue utaona tofauti.

La mwisho kwa leo ni muda. Zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili tangu afanye. Amekaa, wewe unahangaika kufungua mfuko, kainuka, kanusa kiatu, ndiyo unampa. Umemzawadia kunusa kiatu. Dawa yake ni kuchagua neno moja fupi, "safi" kwa mfano, ukalitamka na kumpa kipande papo hapo, ukarudia hivyo hivyo bila kumwomba afanye chochote mpaka akisikia "safi" anageuka kutafuta kipande. Neno hilo linakuwa ahadi. Ukishakuwa nalo unatamka sekunde ile ile matako yanapogusa chini, kipande kikichelewa kidogo haiharibu. Wengine wanatumia klika, kile kidude kinacholia "klik", kazi ni ile ile.

Karibuni.

kaka_wa_tatu ameandika:

Mkuu umetema madini. Wangu ana kilo 5, miezi mitano, na anajifunza vizuri tu ila vipande anavyokula mchana ni vingi mpaka jioni bakuli lake haligusi, na naona ananenepa. Nipunguze mafunzo?

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Usipunguze mafunzo mkuu, punguza ukubwa wa kipande na ubadilishe kinakotoka.

Kanuni wanayotumia madaktari wa mifugo ni kwamba zawadi na vitu vingine vya pembeni visizidi asilimia 10 ya kalori za siku, zile 90 zitoke kwenye chakula kamili cha watoto wa mbwa. Hesabu yenyewe inakwenda hivi, unachukua uzito kwa kilo unaupandisha kwa kipeo cha 0.75, unazidisha kwa 70, kwa kilo 5 inakuja kama kalori 234. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne unazidisha kwa 3, akivuka miezi minne unazidisha kwa 2. Wako basi anahitaji kama 470 kwa siku na fungu lake la zawadi ni 47 hivi.

Sasa 47 ni nini. Kifua cha kuku kilichoiva kina kama kalori 165 kwa gramu 100, kwa hiyo una gramu 28, ukikata vipande vya nusu gramu unapata zaidi ya hamsini, hayo ni mafunzo ya kutosha siku nzima. Chizi ngumu aina ya cheddar ina kama 400 kwa gramu 100, fungu lako linaisha kwenye gramu 12 tu. Yai moja kubwa la kuchemsha lina zaidi ya 70, yaani ukimpa lote umeshapita. Karoti ina kama 40 kwa gramu 100, hapo unaweza kukata mpaka uchoke. Ukishaona namba hizi ndiyo unaelewa kwa nini wenye kutumia chizi peke yake mbwa wao wananenepa.

Na njia inayosaidia zaidi ya hesabu zote, asubuhi pima chakula chake cha siku nzima, chota sehemu weka kwenye kopo la mafunzo, kinachobaki ndiyo kinaingia kwenye bakuli. Hapo hujaongeza chochote. Kama anakidharau kile kikavu, kiweke usiku kucha kwenye friji kopo moja na vipande vichache vya kuku, kikavu kinabeba harufu ya kuku na anakifanyia kazi vizuri sana, tena hajui kinachofuata ni punje au ni kuku mwenyewe, kwa hiyo anabaki makini.

Hiyo hesabu ni makadirio, mbwa wanatofautiana. Pitisha vidole kwenye mbavu zake, unatakiwa uzisikie bila kubonyeza. Ukizitafuta, punguza.

Fundi Mkimya ameandika:

Mnajisumbua sana. Mimi wangu nampa soseji, biskuti zetu za kawaida, mabaki ya mezani, hata chokoleti kidogo akifanya vizuri. Hajawahi kuumwa na ananisikia kuliko wa kwenu.

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Ndugu yangu nakujibu kwa heshima, lakini hapa sitalainisha maneno kwa sababu kuna mtu atasoma ulichoandika akaenda kumpa mbwa wa kilo mbili.

Chokoleti ina kitu kinaitwa theobromini, mwili wa binadamu unakiondoa haraka, wa mbwa unachelewa sana, kinakaa kinasumbua moyo na mishipa ya fahamu. Kadiri chokoleti ilivyo nyeusi ndivyo inavyokuwa nayo nyingi. Wako hajaumwa kwa sababu kipande kilikuwa kidogo kwa uzito wake, siyo kwa sababu ni salama.

Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo, na hakuna kiwango kinachojulikana kwamba hiki ni salama kwa kila mbwa. Zile biskuti na keki zenye zabibu kavu ziondoe kabisa. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu, viwe vibichi, viwe vimepikwa, viwe unga mkavu, ndiyo maana nimesema kuku achemshwe bila kiungo na siyo kuchovya kipande kutoka kwenye mchuzi wa familia. Karanga za makadamia zinamfanya adhoofu miguu ya nyuma na kutetemeka. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha.

Inayonitia hofu kuliko zote ni zailitoli, utamu unaowekwa badala ya sukari. Iko kwenye bigijii nyingi zisizo na sukari, pipi, baadhi ya dawa za meno, na baadhi ya siagi za karanga, na siagi ya karanga ndiyo hiyo watu wanawapaka mbwa kwenye vidude vya kulamba. Kwa mbwa inafyatua insulini, sukari ya damu inashuka wakati mwingine ndani ya nusu saa, na ini linaweza kufa. Soma lebo kila unapofungua kopo jipya hata kama ni kampuni ile ile.

Soseji haina sumu ukiacha zile zenye unga wa kitunguu, lakini ina chumvi na mafuta, na mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuleta uvimbe wa kongosho, siyo ugonjwa wa kuuchezea.

Akila kimojawapo cha hivyo usisubiri dalili. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo, uwe na pakiti mkononi na uzito wa mbwa, na usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, chumvi yenyewe inaweza kumuua.

Fundi Mkimya ameandika:

Sawa mkuu, la zabibu na bigijii sikuwahi kulisikia kabisa. Chokoleti naacha. Soseji nibadilishe na nini chenye harufu kali vile?

Mama Simba ameandika:

Kaka naomba nimjibu huyu ndugu, mimi nina mbwa wakubwa miaka mingi na ninachotumia ni ini.

Osha, chemsha kwenye maji matupu mpaka katikati kusiwe na damu, litoe lipoe, kata vipande vyembamba, panga kwenye trei uingize kwenye oveni moto mdogo kabisa mpaka juu pakauke lakini ukikunja lisivunjike. Likivunjika limekauka mno litaacha unga mfukoni. Kata vidogo, gawa kwenye vifuko vya siku moja moja, weka friza. Asiye na oveni atumie kikaango kikavu moto mdogo, ageuze geuze. Harufu yake haishindwi na soseji yoyote.

Na jingine kwa wenye mbegu kubwa, zile zitakazofika kilo 30, 40 na zaidi. Msiongeze unga wa mifupa wala kalisiamu kwenye zawadi mkidhani mnamjenga. Mtoto wa mbwa mdogo hawezi kuzuia kalisiamu iliyozidi isiingie mwilini, mifupa inakua vibaya. Chakula cha watoto wa mbegu kubwa kimeshapimwa, muache hivyo.

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Asante sana dada, hilo la kalisiamu watu wengi hawalijui. Naongeza kwenye ini tu kwamba lina vitamini A nyingi, ikizidi kwa muda mrefu inadhuru mifupa na viungo, kwa hiyo ini ni la vipande vidogo na kazi kubwa, siyo la kila siku kopo zima. Na nyama zote za kupika zisikae friji zaidi ya siku tatu nne. Nyama mbichi mimi siitumii kwenye mafunzo, unaishika, unashika kamba, unashika mtoto, bakteria kama salmonela wanasambaa nyumba nzima.

Msomaji Mpya ameandika:

Shikamoo wakubwa. Wangu ana wiki 11, ndani anafanya kila kitu, nikimtoa nje hataki hata kuku. Anageuza uso. Nimpe nini cha juu zaidi ya kuku?

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Marahaba. Hapo mdogo wangu tatizo huenda siyo kuku. Mbwa anayependa kuku ndani na kumkataa nje, mara nyingi anaogopa au kelele na harufu zimemzidi. Hofu inafunga hamu ya kula. Ukimtafutia kitu kitamu zaidi utakuwa unaongeza sauti kwa mtu ambaye ameziba masikio.

Mwangalie. Mkia uko wapi, masikio yamelala nyuma, anapiga miayo bila usingizi, anajilamba midomo bila chakula, ananyanyua mguu mmoja? Ukiona hayo rudi nyuma. Kama barabara ndiyo inamtisha, kaa naye mbali, hata mlangoni tu, mahali ambapo anaiona gari na bado anakula. Gari ikipita, kipande. Ikiisha, hakuna kipande. Asifanye chochote, wala usimwambie kaa. Unachojenga ni kwamba gari inaleta kuku. Baadaye unasogea hatua chache, akikataa tena unarudi. Kukubali au kukataa chakula kunakwambia umbali sahihi kuliko kitu kingine chochote, ndiyo maana napenda sana kutumia chakula hata kwa mbwa ambaye bado hajui amri hata moja.

Na fanya hivyo sasa hivi usisubiri. Kati ya wiki 3 na wiki 12 hadi 14 ndiyo kipindi ambacho mbwa anazoea dunia kwa urahisi, baada ya hapo inakuwa kazi. Chanjo zake kama hazijakamilika mbebe, asitembee mahali wanapopita mbwa usiowajua, kubebwa kunatosha kuona na kusikia.

Ila kama hata ndani ameanza kuacha chakula, amelegea, anatapika au anaharisha, hayo siyo mafunzo tena, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Umri huo parvo, ule ugonjwa wa virusi unaowatapisha na kuwaharisha watoto wa mbwa, inakwenda haraka mno.

Jicho Kavu ameandika:

Mimi napinga kidogo. Mbwa anatakiwa akutii kwa sababu wewe ni bosi wake, siyo kwa sababu una nyama. Hii ni rushwa, siku huna kitu mfukoni atakuacha umesimama.

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Mkuu, hofu yako ina msingi, mbwa wa namna hiyo wapo na nimewaona, lakini chanzo chake ni chakula kutolewa kwa mpangilio mbaya. Rushwa ni pale unapoonesha nyama kwanza ndiyo anakubali. Zawadi ni pale anafanya kwanza, nyama inatokea baadaye ilikokuwa imefichwa. Mbwa anaona tofauti hiyo waziwazi.

Mwanzoni kabisa unaruhusiwa kumwongoza kwa kipande puani. Unakipandisha taratibu juu ya kichwa, pua inafuata, matako yanashuka, "safi", unampa. Ukirudia mara chache, mkono ule ule ukiwa mtupu ufanye mwendo ule ule, akikaa unatamka "safi" na kipande kinatoka mkono mwingine au kwenye kopo mezani. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, wanabaki miezi wameshika kipande mbele ya pua, na mbwa amejifunza kitu kimoja tu, kuangalia kama mkono una kitu. Mkono ukishakuwa mtupu ndiyo unaingiza neno "kaa" sekunde moja kabla ya ishara, na ishara yenyewe unaipunguza kidogo kidogo mpaka neno linatosha.

Tendo likiwa jipya unalipa kila mara, hapo usibane. Likishakuwa imara, unaanza kulipa bila mpangilio, mara hii anapata, mbili zinazofuata anasifiwa tu, halafu mara vipande vitatu mfululizo kwa sababu ameitika vizuri sana. Skinner na wenzake walionesha kuwa tendo linalolipwa bila mpangilio linachelewa sana kufutika malipo yakikatika. Na siyo lazima chakula kila mara, kaa halafu mlango unafunguka, kaa halafu kamba inatolewa akakimbie, subiri halafu bakuli linashuka. Vyote hivyo ni malipo.

Amri moja tu mimi siikatii malipo mazuri maisha yake yote, nayo ni "njoo". Siku moja neno hilo litashindana na gari. Na ukimwita akaja, hata kama amechelewa, hata kama alikuwa anafukua maua, lipa. Ukimwita ukamgombeza umemfundisha asije.

Kuhusu ubosi, mbwa wa wiki tisa hajui bosi ni nini, anajua kilichofuata baada ya alichofanya.

Jicho Kavu ameandika:

Hilo la mkono mtupu nimelielewa. Nitajaribu nione.

Bint Asubuhi ameandika:

Kaka, mtu mmoja aliniambia nisimpe chakula cha asubuhi ili wakati wa mafunzo awe na njaa awe makini. Wangu ni mbegu ndogo sana, ana miezi miwili na nusu, kilo moja na kitu.

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Usifanye hivyo dada yangu. Mbwa mdogo namna hiyo hana akiba ya sukari mwilini, akikaa muda mrefu bila kula sukari inashuka, utaona anayumba, analegea, anatetemeka, anaweza hata kupata degedege. Milo yake iwe minne kwa siku au angalau mitatu, asiruke hata mmoja.

Unachotakiwa kufanya ni kuweka mafunzo kabla tu ya mlo, dakika tatu mpaka tano, mara kadhaa kwa siku. Hamu ipo na hajateseka. Na sehemu ya mlo huo huo ndiyo iwe zawadi. Kwake kipande kiwe punje ndogo kabisa, nusu ya njegere bado ni kikubwa kwa mdomo ule.

Pwani Moja ameandika:

Wangu tangu nianze kuku anajikuna masikio na kulamba miguu. Inahusiana?

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Inawezekana. Vyakula vinavyotajwa zaidi kwenye mzio wa mbwa ni nyama ya ng'ombe, vitokanavyo na maziwa, kuku na ngano. Lakini viroboto na vumbi vinaleta dalili hizo hizo, kwa hiyo usihukumu peke yako, mwoneshe daktari. Kwa sasa simamisha kuku, rudi kwenye chakula chake cha kila siku kama zawadi. Na kwa wote, kitu kipya kiingie kimoja kimoja, kidogo, ukae siku mbili uangalie choo chake. Ukiingiza ini, chizi na yai siku moja halafu akaharisha, hutajua umlaumu nani. Chizi hasa, kuna mbwa tumbo lao haliwezi maziwa.

Msomaji Mpya ameandika:

Nimejaribu ile ya kukaa mbali na barabara, leo amekula! Sasa mawili ya mwisho, anaponipokea kipande ananing'ata vidole, na kujisaidia nje nimpe kipande tukirudi ndani au kule kule?

Mlezi wa Mbwa ameandika:

Safi sana, endelea hapo hapo usimsogeze haraka.

Vidole, acha kushika kwa ncha. Weka kipande katikati ya kiganja kilichonyooka alambe. Au fumba ngumi, akiguguna usifungue, akituliza mdomo hata sekunde moja fungua. Akiwa na haraka sana, dondosha chini kati ya miguu yake ya mbele.

Kujisaidia ni kule kule, hatua moja kutoka alipo. Ukisubiri mpaka mlangoni umemlipa kuingia ndani, na utapata mbwa anayekojoa nusu ili awahi kurudi, halafu anamalizia kwenye zulia. Uwe na kipande mkononi kabla hamjatoka, simama kimya, usimsemeshe katikati maana atakatisha. Akimaliza kabisa, "safi", mpe, halafu mwache anuse na kucheza kidogo kabla ya kurudi. Kipande kiwe cha daraja la kati au la juu siku za mwanzo, na usitoe cha aina hiyo kwa jambo jingine lolote ndani ya nyumba.